Ulimuuliza Nani?

Catbells ni kilima cha mita 451. Mimi nimezaliwa Lushoto, ambako hata uwanja tuliochezea mpira wa miguu uko kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Binti yangu aliponionyesha namba ile kwenye ramani, nilimwambia kwamba kwetu hicho hakiitwi kilima. Alikuwa na miaka 14. Hakunibishia. Aliendelea kupanga begi lake: koti la mvua, sweta mbili, kofia ya sufu, glavu, chupa ya chai, tochi. Nikamuuliza tochi ya nini mchana kweupe. Akasema, "Mama, siku hizi jua linazama mapema."

Wakati ule tulikuwa tunaishi Preston, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na mimi nilikuwa muuguzi katika wodi ya wazee. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya katikati ya muhula, nami nilikuwa nimepata Jumamosi moja ya mapumziko baada ya zamu nyingi za usiku. Binti alikuwa ameomba kwa miezi twende kwenye maziwa na vilima vya Cumbria, ambako aliwahi kupelekwa na walimu wake. Tukapanda treni hadi Penrith, halafu basi hadi mji mdogo wa Keswick. Nilivaa jinzi, raba, na lile koti zito nililozoea kuendea kazini. Nililiona linatosha, kwa kuwa lilikuwa koti la baridi.

Ilikuwa mwisho wa Oktoba. Katika Kiswahili cha vitabu majira hayo ya Ulaya tunayaita vuli, na nadhani neno hilo lilichangia kunipoteza. Vuli niliyokulia ni mvua fupi: Oktoba inaisha, mawingu yanarudi, watu wanapanda maharage na mahindi, milima inakuwa kijani upya. Kule miezi hiyohiyo nchi inafunga. Mchana unapungua kila siku, na mti unapohisi upungufu huo unaacha kutengeneza ile rangi ya kijani. Manjano tunayoiona haiji wakati huo. Ilikuwa ndani ya jani tangu lilipochipua, imefunikwa na kijani tu. Nilipenda sana nilipoelezwa jambo hilo. Ila sikulitafsiri inavyopaswa, kwamba nilikuwa naingia katika majira ambayo sikuwa na kumbukumbu nayo yoyote mwilini mwangu, hata kama jina lake nililijua.

Keswick ilitupokea kwa jua. Kaskazini mwa mji mlima Skiddaw, mita 931, ulionekana wote hadi juu, na upande wa kusini ziwa Derwentwater lilikuwa limetulia. Binti alisimama mbele ya karatasi ya utabiri wa hali ya hewa iliyobandikwa mjini, akaisoma yote kwa sauti: mvua za vipindi kutoka magharibi kuanzia adhuhuri, upepo mkali sehemu za juu. Nikatazama anga la buluu. Nikamwambia kwamba mvua ya mlimani naijua tangu sijaanza darasa la kwanza.

Sikuwa nasema uongo. Baba yangu ni mkulima wa kabichi na viazi, na alitufundisha kusoma mawingu kama wengine wanavyofundishwa kusoma saa. Upepo unatoka baharini umebeba unyevu, unagota kwenye milima yetu ya Usambara, unalazimika kupanda, unapoa, unamwaga maji. Ukishavuka safu unashuka umekauka. Ndiyo maana Mombo, chini ya milima, kuna joto na mkonge, nasi huku juu tuna baridi, peasi na plamu. Wazee wa Kisambaa walilitazama jambo hili kwa uzito mkubwa zaidi ya huo. Kwao mvua ilikuwa sehemu ya utawala, na mfalme wa Vugha alihesabiwa kuwa mwenye uwezo wa kuiponya nchi au kuiharibu. Kuiponya walikuita kuzifya shi. Nimekulia katikati ya watu waliokuwa wakizungumza habari za mvua kila siku ya maisha yao.

Na kule Cumbria kanuni ni ileile. Upepo unatoka Atlantiki, unavuka bahari ya Ireland, unagota kwenye vilima. Juu ya ziwa hilohilo la Derwentwater, ndani ya bonde la Borrowdale, kuna kijiji kidogo kiitwacho Seathwaite ambacho hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, wakati Keswick, kilomita chache tu chini yake, hupata karibu nusu ya hizo. Njia ya milimani ya Honister, jirani na hapo, ndiyo iliyopimwa milimita 341.4 ndani ya saa 24 mwezi Desemba 2015, rekodi ya Uingereza nzima, na mafuriko ya siku hizo yaliingia hadi nyumba za Keswick. Ningeyajua hayo mapema pengine ningesema ni Usambara nyingine. Kanuni nilikuwa nayo. Kilichokosekana ni baridi kali ya kule, nayo haikuwemo katika mafunzo ya baba yangu kwa sababu hakuihitaji.

Boti ilituvusha ziwa hadi gati la Hawes End, upande wa magharibi. Kutoka pale njia inapanda mara moja, kwa kona nyingi, katikati ya makangaga yaliyokuwa yamegeuka rangi ya kutu. Tulipanda tukicheka. Ziwa likawa linashuka chini yetu na visiwa vyake vinne vyenye miti, na kila tulipogeuka lilikuwa na rangi nyingine: buluu, kijivu, rangi ya bati, kisha mstari mmoja mweupe pale jua lilipopenya. Nimeona maziwa kadhaa maishani, Victoria likiwa mojawapo, lakini sijaona maji yanayobadilika kwa haraka namna ile. Mawingu yalikuwa yakipita juu yake na vivuli vyao vikitembea mlimani, na mara mbili tuliona upinde wa mvua ng'ambo, chini ya kiwango cha macho yetu.

Kando ya njia kulikuwa na kondoo wa kijivu, wenye uso mweupe na miguu minene. Wanaitwa Herdwick. Binti alinieleza kwamba huzaliwa weusi na kupauka kadiri wanavyokua. Nikaona hakuna uzio mlimani, nikamuuliza wanazuiwaje wasipotee. Akasema hawazuiwi. Kila kundi lina sehemu yake ya mlima, na mwanakondoo huifahamu kwa kumfuata mama yake: wapi pa kujikinga na upepo upi, wapi pana maji, wapi pa kutoka theluji ikikaribia. Naye akizaa atamfundisha wake. Mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia Cumbria na mifugo mingi sana ikauawa, hofu ya wafugaji ilikuwa kubwa kuliko hasara ya fedha. Kondoo wengine wangeweza kununuliwa. Kondoo wanaoujua mlima ule hawakuwa wanauzwa popote. Nilisimama nikawatazama kwa muda. Wakati huo wote walikuwa wamehamia upande wa mashariki wa mgongo wa kilima, wakiwa wamelaza migongo magharibi. Nilidhani wanafuata majani.

Mvua ilitukuta tumekwisha lipita bamba la kumbukumbu la Thomas Arthur Leonard, lililopachikwa mwambani. Leonard alikuwa mchungaji wa kanisa kule Colne, mji wa viwanda vya nguo usio mbali na Preston, na mwaka 1891 alianza kuwapeleka wafanyakazi wa viwanda hivyo kutembea kwenye vilima hivi ili wapate mapumziko yenye hewa. Nilimsoma, nikamshukuru moyoni, na nilipoinua kichwa bonde la Newlands upande wa kulia halikuwepo tena. Palikuwa na ukuta mweupe unaokuja.

Kwanza yalikuwa manyunyu. Halafu upepo, ambao sijui niueleze vipi kwa mtu ambaye hajasimama kwenye mgongo wa kilima kile. Ulikuwa unasukuma kwa mkupuo, unaacha, unasukuma tena kabla hujakaa sawa. Kisha mvua ya mawe, madogo kama mtama, ikitupiga upande mmoja wa uso. Binti alisema tugeuke. Nikamwambia mvua za mlimani hupita, tusubiri tukitembea. Mbele yetu kulikuwa na mwamba wa mwisho wa kupanda kwa mikono na miguu kufika kileleni, na kilele kilikuwa kinaonekana na kupotea. Nilikitaka. Nilikuwa nimekwisha kifikia akilini.

Jinzi ikilowa hunywa maji na kuyashika. Koti la sufu likilowa huwa zito, nalo halizuii upepo. Ndani ya dakika 20 nilikuwa nimelowa mpaka ngozi, na upepo ukawa unachukua joto kutoka mwilini kwa kasi ambayo mwili haukuweza kuirudisha. Nilijaribu kufunga kifungo cha juu cha koti, vidole vikakataa. Nikaona ni kifungo kibovu. Nikajikwaa mara mbili mahali tambarare. Binti akaniuliza jambo, nikamjibu, akanitazama. "Mama, sijakuelewa." Nikarudia. "Mama, maneno yako hayatoki vizuri." Nikamwambia niko sawa. Nilimwambia hivyo, anasema yeye, mara tatu.

Kwa miaka mingi nimepokea wodini wazee waliookotwa sakafuni mwa nyumba zao zisizo na moto, joto la mwili likiwa chini ya nyuzi 35. Najua dalili zake kwa mpangilio: kutetemeka, vidole kukosa kazi, kujikwaa, ulimi kuwa mzito, maamuzi kuharibika. Najua pia kwamba mgonjwa wa namna hiyo husema hana shida, na kwamba husema hivyo kwa sababu kiungo cha kupima shida ndicho kilichopoa. Nimewafundisha wanafunzi wa uuguzi jambo hilo nikiwa nimesimama kwenye chumba chenye joto. Pale mlimani sikuliona. Haikuhitaji theluji wala barafu. Kule ziwani watu walikuwa wanakula aiskrimu saa mbili kabla. Ilihitaji nguo iliyolowa, upepo, na mtu asiyekubali kuambiwa.

Binti alinishika mkono akaniongoza nyuma ya mwamba, upande wa mashariki, pale walipokuwa kondoo. Upepo ukakatika kama mtu aliyefunga mlango. Akanivua koti, akanivalisha sweta yake ya pili juu ya fulana iliyolowa, kisha koti lake la mvua, kofia, glavu. Yeye akabaki na sweta na mfuko mkubwa wa plastiki alioutoboa kwa kichwa na mikono. Nilimkataza, hakunisikiliza. Akamimina chai ya maziwa yenye tangawizi niliyoipika mwenyewe alfajiri, akanishikia kikombe kwa sababu sikuweza kukishika. Alinilazimisha kula biskuti. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo kabla, "Sasa tunashuka kwa njia tuliyojia." Haikuwa ombi.

Tulishuka upepo ukiwa mgongoni. Nilianza kutetemeka kwa nguvu, na nilifurahi kutetemeka, kwa kuwa mwili unaotetemeka bado unapigania joto lake. Keswick wanacho kikosi cha uokoaji milimani, raia wa kawaida wanaoacha kazi zao na vitanda vyao kwenda kutafuta watu kama mimi bila kulipwa. Siku ile hatukuwahitaji, na sababu ni mtoto wa miaka 14 aliyebeba sweta mbili.

Chini, mvua ilikuwa imepita. Hatukutaka kusubiri boti tukiwa tumesimama, tukafuata njia ya ufukweni kuelekea kusini, kupitia msitu wa Brandelhow, ili miguu ipate joto. Jua la alasiri lilikuwa linaingia chini chini, likigonga mialoni ubavuni. Majani yalikuwa yanaanguka hata pasipokuwa na upepo, moja moja, mengine yakitua majini na kuelea. Kila shina lililowa lilikuwa linafuka mvuke. Baada ya kelele ile ya juu, tulisikia maji yakilamba changarawe tu, na matone kutoka kwenye miti. Hatukuzungumza kwa karibu nusu saa. Nikitakiwa kuchagua saa moja ya maisha yangu ya Uingereza niirudie, nitachagua hiyo, na ilikuja baada ya nusu saa mbaya kuliko zote.

Msitu ule una historia inayostahili kusimuliwa kwa Kiswahili. Mwanzoni mwa karne iliyopita ufuko huu ulikuwa mali ya mtu binafsi na ulikuwa unauzwa. Mchungaji Hardwicke Rawnsley, aliyekuwa na parokia jirani na Keswick, pamoja na Octavia Hill na Robert Hunter, walikuwa wameanzisha chama cha National Trust mwaka 1895 kwa ajili ya kuhifadhi mahali kama hapo kwa niaba ya watu wote. Wakaomba mchango kwa umma. Pauni 6,500 zikapatikana kwa muda wa miezi mitano hivi, na miongoni mwa waliotoa walikuwa wafanyakazi wa miji ya viwanda waliotuma shilingi chache, ambao wengi wao hawakuwa na matumaini ya kufika. Mwezi Oktoba 1902 msitu ulifunguliwa kwa umma. Karne moja baadaye, mwaka 2002, ikawekwa pale sanamu ya mbao: mikono miwili mikubwa iliyokunjuliwa, viganja juu. Tulikaa mle ndani, mimi na binti, mmoja kila kiganja. Nilikuwa nimeshapata vidole vyangu. Nilifikiria wale wafuma nguo waliolipia kivuli cha miti ambacho mimi, mtu wa Lushoto, nimekuja kukikalia bila kutozwa hata senti.

Boti ikatuchukua na kuturudisha Keswick jua likikaribia kuzama. Tochi tuliitumia tukitoka gatini kwenda kituo cha basi.

Jioni ile nikampigia Baba. Kule kwao ilikuwa usiku, na alikuwa hajalala. Nilimweleza yote. Swali lake la kwanza lilikuwa tulifuata nini huko juu, nikamwambia tulikwenda kutembea tu. Akanyamaza kidogo. Swali la pili ndilo limebaki nami. "Na mvua ya huko, ulimuuliza nani?"

Nikamwambia sikumuuliza mtu, nilidhani naijua.

"Ulijua ya kwetu," akasema. Kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Alipomwoa mama na kupewa shamba la kuanzia maisha katika bonde la kina mama, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka kwao, alipanda maharage kwa kufuata mawingu aliyoyajua. Yakaoza. Msimu wa pili akapanda kwa mawingu yaleyale, yakaoza tena. Msimu wa tatu alikwenda kwa baba mkwe wake, akakaa chini, akauliza kama mtoto. Mvua ya bonde lile ilitokea upande mwingine wa mlima na ilichelewa wiki mbili. "Mlima ni uleule mmoja," Baba akasema, "na bado niliuliza."

Tangu siku ile nimewaza sana juu ya wale kondoo. Tuliohamia mbali tumewageuza wanetu kuwa wao ndio waliozaliwa mlimani. Wao ndio wanaojua ni lini giza linaingia, karatasi ipi ya serikali ijibiwe na ipi isubiri, nguo gani inalowa na ipi hailowi. Sisi tunakuja na elimu nzuri ya mahali pengine, na inatuuma kuipokea mpya kutoka kwa mtu tuliyembeba mgongoni. Nimeona wazazi wakikataa kabisa. Nimeona pia watoto ambao, kwa kukataliwa, wameacha kusema. Hilo la pili linanitia hofu zaidi, kwa kuwa binti yangu alisema "tugeuke" mara moja, na angeweza kutosema mara ya pili.

Kila mwaka, siku zikianza kufupika, hupokea wauguzi na wahudumu wapya kutoka nyumbani, na huwaomba mambo mawili. Wanunue koti lisilopitisha maji kabla hawajanunua simu. Na wamtafute mtu wa kumuuliza: jirani, mwenzao wa zamu, dereva wa basi, mtoto wao mwenyewe. Nakuomba na wewe uliyefika juzi, popote ulipo. Usione haya.

Catbells tumerudi mara tatu. Kileleni tumefika mara mbili. Mara ya tatu ilikuwa Novemba. Binti alitazama magharibi, akasema tushuke, tukashuka.